Mzigo wa Mofu

Mwaka 1996 mashindano ya mitumbwi pacha katika mto Kilombero yalikaribia kuvunjika kwa sababu ya mizani. Mitumbwi pacha ni ile miwili inayofungwa pamoja kwa miti, ya kuvushia magunia ya mpunga. Osward, nahodha wa timu ya Kivukoni, alikuwa na wapiga kasia wanene kama yeye, na mwaka uliotangulia walishindwa vibaya na vijana wembamba wa Mofu. Safari hii alidai haki: wapiga kasia wapimwe, na timu nyepesi iongezewe mzigo.

Mwamuzi, mzee Stanislaus, akakubali, akaleta mizani ya mashine yake ya kukoboa. Mofu wakapungukiwa na uzito wa gunia zima la mpunga.

Fulgence, nahodha wao, alikuwa akilitazama gunia kwa huzuni pale shangazi yake Theodosia alipopanda kwenye mizani bila kuitwa. Uzito ukatosha.

“Sheria inasema mzigo lazima uwe mpunga?” aliuliza.

Stanislaus alifikiri sana, akakiri kwamba haisemi. Ila akamwonya kuwa mzigo haupigi kasia. Theodosia akaketi katikati ya chombo, mikono mapajani.

Kivukoni walitangulia. Kwenye kona viboko wakaibuka mbele yao, Osward akaamuru wasimame. Theodosia, aliyevusha mpunga mto huo tangu usichana wake, alijua njia ya pembeni, kando ya matete. Akaanza kuelekeza: kushoto, taratibu, sasa vuta. Fulgence alipochelewa kutii, alikumbushwa ni nani aliyembeba mgongoni. Mofu wakafika ng'ambo wakati Kivukoni bado wanatazamana na viboko.

Osward alikwenda kulalamika akiwa na kasia mkononi. Alidai mzigo umeongea njia nzima.

“Nilikataza kupiga kasia,” Stanislaus alisema. “Kuongea sikukataza.”

Mbuzi wa zawadi akaenda Mofu. Wakati nyama inachomwa, Osward alimfuata Theodosia, akampa shikamoo yake kwa adabu, kisha akamwomba mwakani awe mzigo wa Kivukoni. Theodosia alimpima kwa macho, kichwa hadi miguu.

“Ninyi tayari ni wazito, mwanangu. Nikipanda mimi, lazima mmoja wenu ashuke.”

Osward akageuka kuwaangalia wenzake ili achague. Wote walikuwa wakimtazama yeye.