Bibi Letisia Ajifunza Kutojibu

Bibi Letisia wa kijiji cha Tlawi alikuwa mtu wa majibu. Ukimwuliza mvua itaanza lini, alikuwa na jibu. Ukimwuliza kwa nini ng'ombe wa jirani amekonda, alikueleza, na habari za jirani mwenyewe akakuongezea bure. Kwa hiyo mjukuu wake Ludovika alipoanza kumwuliza kama moto wa jikoni umezima, Bibi hakuona tabu yoyote.

"Umezima, mama," alimjibu, akaendelea kuchambua vitunguu saumu vyake.

Ilikuwa mwezi wa tisa, wiki ile jiko la nyasi la mzee Sebastiani, jirani wa upande wa chini, lilipoungua. Hakuumia mtu, ila kuku mmoja aliyekuwa ameatamia. Watu walikuja na ndoo, moto ukazimwa, kila mmoja akarudi kwenye shughuli zake. Ludovika alirudi nyumbani na wenzake, lakini mawazo yake yalibaki kule kwenye majivu.

Alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la tano, mrefu kuwapita wasichana wote wa shule, na mfungaji wa timu yao ya netiboli. Wazazi wake walikuwa Arusha wakitafuta maisha, naye alikuwa amelelewa na bibi yake tangu anaota meno. Walizoea kuchekeshana, wawili hao, mpaka majirani wakiwasikia wanajua jioni imeingia.

Mwanzoni alikuwa akigeuka mara moja tu njiani kwenda shule, anarudi kuangalia mafiga. Baadaye ikawa mara tatu, halafu saba. Saba kamili, na akikosea kuhesabu anaanza upya. Hakuridhika kutazama kwa macho. Alizamisha vidole kwenye majivu baridi mpaka viganja vikawa vya kijivu. Na lile swali, "Bibi, moto umezima?", likawa haliishi kutwa.

Siku moja Bibi alitoka kidogo kuita mbuzi. Aliporudi alikuta Ludovika amemwaga ndoo nzima ya maji chini ya sufuria ya makande yaliyokuwa bado hayajaiva. Jioni walikula mahindi magumu kama kokoto. Bibi, ambaye meno yake yalikuwa ya kuhesabika, alikunywa mchuzi tu.

"Leo umenifungisha Kwaresma mapema," alitania.

Ludovika hakucheka. Aliweka bakuli chini, machozi yakaanza kumtoka.

"Bibi, najua umezima. Naona kwa macho yangu kwamba umezima. Lakini kuna kitu kinaniambia sijaangalia vizuri, na nyumba ikiungua wewe ukiwa ndani, mimi ndiye nitakuwa nimekuua."

Bibi Letisia alimkumbatia, akamfuta machozi.

Alijaribu kila alichokijua. Alimsema, akambembeleza, akamwombea. Alinunua kufuli akafunga mlango wa jiko, ikawa sasa Ludovika anauliza habari za moto na za kufuli pia. Gaudensia, mwenzake Bibi wa kwaya, alimshauri asithubutu kumpeleka mtoto hospitali. "Watampeleka Mirembe," alisema kwa sauti ya chini. "Na jina likishatoka hivyo, halirudi." Bibi aliposikia Mirembe, kule Dodoma wanakotibiwa wagonjwa wa akili, aliacha kabisa mawazo ya hospitali. Alikaa na neno hilo kifuani wiki tatu.

Aliyemtoa hapo ni Mwalimu Eva, mwalimu wa darasa la Ludovika, mgeni aliyeletwa na kazi kutoka Kilosa na ambaye bado alikuwa akivaa masweta mawili asubuhi kwa baridi ya Tlawi. Alikuja nyumbani Jumamosi moja.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwalimu. Karibu kiti."

Alikaa, akanywa chai, kisha akasema alichokuja nacho. "Bibi, watoto wote wana hofu zao. Mimi niliogopa choo cha shule mpaka darasa la nne. Lakini hii ya Ludovika imevuka. Anafika saa tatu, wenzake wamemaliza kipindi cha pili. Mpira ameacha. Anasinzia darasani, anakonda. Hofu ikishaanza kumnyang'anya mtoto usingizi, masomo na michezo, hiyo si ya kusubiri tena."

"Mjukuu wangu si kichaa, mwalimu."

"Na mimi sijasema hivyo. Nina mdogo wangu wa kiume. Alianza kuogopa watu, akawa hatoki nje. Mama alisema kitapita. Kweli kilipita, Bibi. Kikapita na shule yake. Angepelekwa mapema, leo angekuwa mbali."

Bibi alisukuma kikombe pembeni, akauliza daktari wa mambo hayo anapatikana wapi. Jumanne iliyofuata yeye na Ludovika walipanda bodaboda kwenda hospitali, Mbulu mjini.

Njia nzima Bibi alikuwa akijiandaa kwa sindano, kamba na watu wanaopiga kelele. Alichokikuta ni chumba kidogo chenye michoro ya watoto ukutani, na kijana mmoja mpole aliyesimama kumpa shikamoo. Huyo ndiye alikuwa Daktari Xavery. Aliongea nao wote wawili, kisha akaomba aongee na Ludovika peke yake. Bibi alikaa kwenye benchi nje akihesabu rozari, akasikia sauti ya mjukuu wake ikiongea mfululizo kama bomba lililofunguliwa.

Alipoitwa tena ndani, daktari alieleza taratibu. "Ludovika anajua kabisa kwamba hofu hii haina msingi, lakini hawezi kuiacha. Huu ni ugonjwa, unajulikana na unatibika. Hakujiletea mwenyewe, wala si malezi yako, Bibi. Ninao watoto wengine wanaokuja hapa kwa jambo la namna hiyohiyo."

Ludovika aliinua kichwa. "Wengine? Hapahapa Mbulu?"

"Hapahapa. Wengi wao walificha muda mrefu kwa sababu ya aibu."

"Mimi nilidhani niko peke yangu duniani," Ludovika alisema, na kitu usoni mwake kikalegea. Bibi alikuwa hajaiona sura hiyo tangu mwezi wa tisa.

"Sasa, dawa?" Bibi aliuliza.

"Dawa zipo, na wapo watoto ambao zinawasaidia. Tukiona zinahitajika tutaongea. Kwanza tuanze na mazoezi."

"Ya kukimbia?"

"Ya kutokwenda kuangalia moto. Tutapunguza kidogo kidogo, saba iwe tano, tano iwe tatu. Hofu itapanda, lakini akiivumilia itashuka yenyewe. Na wewe, Bibi, una zoezi lako. Akikuuliza kama moto umezima, usimjibu."

"Nisimjibu?"

"Kila ukimjibu anapata nafuu ya dakika mbili, halafu hofu inarudi kudai jibu jingine. Badala yake mwulize hofu imefika ngapi, kuanzia sifuri mpaka kumi, kisha ukae naye."

Bibi Letisia alinyoosha mgongo. "Daktari, nina miaka sitini na nane. Sijawahi kuulizwa swali nikanyamaza."

"Basi kazi yako ni kubwa kuliko ya Ludovika," daktari alisema, na msichana akacheka, kicheko kifupi chenye kutu, lakini kicheko.

Ilikuwa kweli kazi. Kutoka saba kwenda tano walifika wiki ya kwanza, kwa machozi. Tatu ilichukua karibu mwezi. Siku ya kuondoka baada ya kuangalia mara moja tu, Bibi alimsindikiza mpaka kwenye mikaratusi ya njia ya shule, na hapo Ludovika akasimama.

"Bibi, moto umezima?"

Jibu lilikuja mpaka kwenye ulimi. Bibi aliuma pindo la kitenge chake, kisha akalitoa mdomoni. "Imefika ngapi?"

"Tisa."

"Haya. Tupo."

Walisimama. Akapita jirani yao Yohanes na ng'ombe wake, akasalimia, akawashangaa, akaenda zake. "Nane," Ludovika alisema. Bibi alianza kuimba taratibu wimbo wa Jumapili, sauti ya tatu, kwa kuwa ndiyo aliyoijua. "Saba. Bado saba. Sita." Jua lilikuwa limeshapanda juu ya mashamba ya ngano waliposikia kengele ya shule kwa mbali.

"Nne," Ludovika alisema kwa mshangao. "Bibi, sijafanya chochote. Imeshuka tu."

"Nenda shule," Bibi alisema, maana angeongeza neno angelia.

Kulikuwa na siku za kurudi nyuma. Asubuhi moja Bibi, akiwa na haraka ya kuwahi soko, alijibu kutoka uani, "Umezima, umezima!" Ludovika akatoka jikoni, mikono kiunoni. "Bibi, umeharibu zoezi." Kliniki iliyofuata alimshtaki kwa daktari, na daktari akaandika kosa hilo kwenye faili kwa umakini mkubwa huku Bibi akijitetea. Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata Ludovika aliugua malaria, na alipopona hofu ilikuwa imerudi na nguvu zake. Bibi alidhani wameanza upya. Daktari Xavery alisema huwa inatokea, wakarudia ngazi zilezile, na safari hii wakapanda kwa wiki mbili tu.

Kufikia mwezi wa nne Ludovika alikuwa anafika shule kabla ya kengele, na netiboli alikuwa ameirudia. Mwezi wa tano alichaguliwa timu ya netiboli ya wilaya, wakaambiwa mashindano ya mkoa ni Katesh, wilaya ya Hanang. Angelala huko siku nne.

Bibi Letisia alikuwa hajawahi kuvuka mji mdogo wa Dareda. Siku ya fainali alivaa kitenge cha Pasaka akapanda basi la alfajiri pamoja na Gaudensia, aliyesema anakwenda kumsindikiza tu. Walifika Katesh mchana, mlima Hanang umejaa pale mbele yao mzima mzima, na Gaudensia akausifu mpaka Bibi akamvuta mkono wasichelewe.

Mchezo ulikuwa umeshaanza. Ludovika alikuwa chini ya goli, ameinua mikono, mrefu kuliko wote. Mpira ukamfikia, akaukamata, akasimama.

"Mbona hakimbii?" Gaudensia aliuliza kwa wasiwasi. "Amepewa mpira, amesimama. Ameumia? Letisia, kwa nini hakimbii?"

Bibi Letisia hakujua. Sheria za netiboli, mchezo ambao mwenye mpira hakimbii nao, hakuwahi kuzielewa. Alikaa kwenye nyasi, akanyoosha miguu yake iliyochoka na safari, akamtazama mjukuu wake akilenga bila haraka yoyote.

"Ngoja tuone," alisema.