Adui wa Kukodiwa

Sajini Muasya alipoitwa ofisini kwa Meja Randu, alijua kuna watu watakaotoka kambini. Asilolijua ni kama yeye ni mmoja wao. Amri ilikuwa imeshuka kutoka Nairobi wiki mbili nyuma: jeshi lipunguzwe. Kikosi cha boti cha kambi ile ndogo, kusini mwa Msambweni, kilikuwa na askari kumi na mmoja. Wangebaki watano.

"Makamanda wengine wanapunguza mafuta," alisema Meja, akipangusa miwani yake. "Wanapunguza risasi za mazoezi, wanaacha injini zishike kutu, mradi kila mtu abaki na kitanda chake. Mwisho unakuwa na askari mia wasioweza kukimbiza kuku. Mimi sitapunguza mazoezi. Sitapunguza vipuri. Nitapunguza watu, na watakaobaki nitawanoa mpaka waogopwe."

"Sawa, afande."

"Wanne nimeshawachagua. Nafasi ya tano ni ya mkuu wa boti. Ni wewe au Koplo Suleiman. Nimesoma mafaili yenu mpaka macho yananiwasha. Yeye anaijua bahari kukushinda, wewe umemzidi cheo. Niambie jambo ambalo halimo kwenye faili."

Muasya alifikiria kwao Mkongani, kwenye shamba ambalo babake alilifyeka alipohama kutoka Ukambani, na mkewe Kamene, ambaye msimu ule mahindi yake yote yalikuwa yameliwa na ndovu. Halafu hakufikiria tena.

"Goti lake la kushoto, afande," alisema.

Miaka mitatu kabla, katika msitu wa Boni, bomu lililofukiwa barabarani lilikuwa limemwingiza Suleiman vyuma gotini. Muasya ndiye aliyembeba mgongoni mpaka kwenye gari. Daktari alivitoa vile vyuma, akaandika kwamba mgonjwa amepona. Hakupona. Kila ulipofika mtihani wa mbio, Muasya alikuwa akimfunga bandeji asubuhi chumbani, mlango ukiwa umetiwa komeo, na kumpa vidonge viwili vya kutuliza maumivu. Hakuna mtu wa tatu aliyejua.

Meja hakuuliza zaidi. Siku iliyofuata, jua likiwa utosini, aliamuru mbio za ghafla, kila mtu na mzigo wake, na kabla ya kuanza aliwataka wote wakunje suruali juu ya magoti. Suleiman alifika kilomita ya tatu. Alianguka kifudifudi mbele ya kikosi kizima, akajaribu kuinuka, akaanguka tena.

"Ahsante, Koplo," Meja alisema akiwa amesimama juu yake. "Umelitumikia taifa vyema."

Suleiman alimtazama Muasya mara moja tu. Ile mara moja ilitosha. Jioni alirudisha magwanda na buti, akarudi kwao Jego kwa mkewe Mwanasiti.

Na kikosi kikawa bora. Hilo ndilo lililomkosesha Muasya raha, kwamba Meja hakukosea. Mishahara ya wale waliotolewa iligeuka injini mbili mpya na mafuta ya kwenda baharini kila siku. Wale watano walijifunza kuvuka mlango wa mwamba gizani, kubadilisha propela ndani ya maji, kupanda meli inayokwenda. Kilichokosekana kilikuwa kimoja tu.

"Adui," alisema Meja. "Siwezi kuwatumia watu wangu, hawatoshi. Nitafutie raia anayeyajua maji ya huku. Tutamkodi kwa siku. Abebe magunia ya mchanga kama mlanguzi, nanyi mumkamate. Wakubwa kutoka makao makuu watakuja kutazama."

Muasya aliwajua watu wengi wenye boti. Lakini aliyeyajua maji yale kuliko wote alikuwa mmoja, naye tangu arudi Jego alikuwa hana kibarua.

"Mtanikimbiza?" Suleiman alimuuliza, akiwa ameketi kizingitini pake.

"Tutakukimbiza. Ukishuka na kuingia mikokoni kabla hatujakukamata, umeshinda."

Kwa mara ya kwanza tangu siku ya mbio, Suleiman alicheka. "Basi njooni," alisema.

Asubuhi ya zoezi, wageni waliketi chini ya turubai ufukweni wakiwa na darubini zao. Bendera nyekundu ilipandishwa. Ikishushwa, zoezi limekwisha. Suleiman alitokea na boti ya mbao yenye injini kuukuu inayokohoa. Maji yalikuwa yanakupwa. Alizivuta boti mbili za jeshi nyuma yake kama mtu anayeongoza mbuzi, akakata kona ghafla, akapita mahali ambapo hakuna aliyedhani panapitika. Boti ya kwanza iliparamia mwamba, propela ikakatika, wakabaki kuibadilisha majini. Mara ya pili alijificha nyuma ya kisiwa cha matumbawe, akawaacha wampite, kisha akawapungia mkono kwa adabu. Mgeni mmoja alicheka kwa sauti.

Redio ya Muasya ililia. Ilikuwa sauti ya Meja, ya chini na kavu.

"Nimeaibishwa mara mbili. Hawa wamekuja kuona kama watu watano wanatosha. Wakiona hatutoshi, kambi inafungwa, na wewe unakwenda kulima. Umebakiwa na duru moja."

Muasya alimwita Everlyn, askari mwenye nguvu kuliko wote kikosini, wakateremka botini na kwenda pamoja kwenye mikoko kupitia nchi kavu. Boti aliziacha ziendelee kukimbiza tu. Alijua mahali Suleiman atakapotia nanga, maana waliwahi kufanya doria hapo pamoja. Alijua pia kwamba atashuka kwa mguu wa kulia na kuuburuta wa kushoto.

"Akishuka, mpige goti la kushoto," alimwambia Everlyn.

"Kwa risasi baridi za mazoezi, sajini?"

"Kwa kitako cha bunduki."

Everlyn alimtazama usoni kutafuta mzaha, asiuone.

Suleiman alifika akiwa amelowa maji ya chumvi, uso umekunjuka kwa furaha. Aliweka mguu wa kulia matopeni. Everlyn alichomoka nyuma ya mizizi na kupiga. Sauti iliyosikika ilikuwa kama kuti lililovunjwa. Suleiman alianguka ubavu, mdomo wazi, pumzi imemkatika. Muasya alimlalia mgongoni na kumfunga mikono, kama kanuni inavyotaka.

"Muasya," alisema Suleiman pumzi ilipomrudia. "Goti limekwenda. Sema zoezi limekwisha."

Muasya aliinua macho ufukweni. Bendera ilikuwa ingali juu. Wageni walikuwa wamesimama, wanaelekeza darubini.

"Bado," alisema.

"Wallahi limevunjika. Ndugu yangu, sema limekwisha."

"Bado haijashushwa."

Akamkandamiza pale pale kwenye matope, na maji yaliyokuwa yakipwa yakaacha kaa wadogo wakitembea karibu na uso wa Suleiman. Zilipita dakika tisa. Everlyn alikuwa amegeuka anatapika. Bendera iliposhuka, makofi yalisikika mpaka mikokoni.

Wageni waliandika kwamba kikosi cha watu watano chenye mafunzo kinashinda cha kumi na mmoja, na kwamba kambi nyingine ziige. Muasya alipandishwa cheo. Suleiman alikatwa mguu juu ya goti. Kwa kuwa alikuwa kibarua wa siku moja, na siku ile ilikuwa imekwisha, hakukuwa na fomu ya kujaza kwa ajili yake.

Baada ya miezi mitatu, Meja alitaka zoezi jingine.

"Tafuta mwingine wa kule kule," alisema. "Wana maarifa."

Muasya alikwenda Jego. Mwanasiti alimkaribisha vizuri, akamtandikia mkeka, akamletea chai na mahamri, kwa kuwa mumewe hakuwa amemsimulia lolote zaidi ya kwamba aliteleza. Suleiman alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba barazani. Hakuitikia salamu.

Aliyefuatwa na Muasya alikuwa Hashim, mdogo wake Suleiman, mtu wa miaka thelathini, ambaye sasa ndiye aliyeilisha nyumba ile.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kazi ya siku moja, Hashim. Utakubali?"

"Nitakataa vipi?"

Muasya alitoa daftari na kalamu. "Safari hii wakubwa wametaka tuulize. Una jeraha lolote la zamani? Mahali panapouma?"

"Usimwambie!" Suleiman alipaza sauti kutoka kitandani, akijiinua kwa viwiko. "Hashim, usimwambie!"

Lakini Hashim alidhani kakake anaweweseka tena kwa homa ya kidonda, na alitaka kazi, na alitaka aonekane mtu mkweli.

"Bega tu," alisema, akiligusa. "La kulia. Huchomoka nikivutwa kwa nguvu."

Muasya aliandika.