Nyongeza ya Ufalme wa Watu Wawili

Haya alinisimulia mjukuu wangu wa kike, dobi wa hospitali, Jumapili iliyopita, mvua ilipotufungia ndani na nguo zetu wenyewe zikakataa kukauka.

Mumewe ni mwoka mikate. Huondoka jua likizama na kurudi asubuhi, unga kwenye nyusi, wakati dobi yuko mlangoni anavaa viatu. Hupishana hapo kama ndoo mbili za kisima kimoja: hujambo, sijambo, na kila mtu na njia yake. Mazungumzo yao yalikuwa yamehamia kwenye kompyuta kuukuu iliyo mezani, ndani ya mchezo wa falme.

Mchezo wenyewe si wa kukimbizana ovyo. Unajenga miji, unapanga majeshi, unapatana na majirani au unawapiga. Mwoka mikate akiamka alasiri hucheza, halafu anauacha ufalme ulipofika. Dobi akirudi jioni anaupokea hapo hapo. Na kwa kuwa mji unaweza kuupa jina lolote, walianza kwa utani kupashana habari kwa majina. Mji wa kwanza uliitwa Gesi Imeisha. Mwingine, Mama Yako Kapiga Simu. Kando ya mto pana Nisamehe ya Juzi, na jirani yake, wenye kuta nene, unaitwa Nimesamehe Ila Usirudie. Ndoa yote imetandazwa kwenye ramani ile.

Sasa siku moja dobi alishinda akilisha mashine mashuka, mgongo umemkaza kama kamba ya kuanikia, ukaja ujumbe wa mumewe. Waliotengeneza mchezo wamefungasha nyongeza zote pamoja: meli, mataifa mapya, visiwa, hata mavazi ya wafalme. Bei imeshushwa mpaka kesho mchana. Kadi ya benki unayo wewe, aliandika, pita kwa shemeji umuulize kama inafaa, kisha nunua.

Shemeji huyo ni mdogo wake dobi, fundi simu, mwenye meza ndogo na maneno mengi. Dobi akajitupa kwenye kiti cha wateja. Fundi akamsomea maoni ya wachezaji: wengine wanazisifu meli, wengine wanalalamika kwamba nusu ya furushi ni nguo tu.

"Nyongeza gani ya kuuziwa?" dobi akasema. "Nyongeza si ile anayokutilia muuzaji juu ya kipimo, bure, ili kesho urudi?"

"Hawa wanajua utarudi tu, dada."

Fundi akaendelea kusoma, akafika kwenye maandishi madogo ya chini, akaacha kucheka. Ukishaweka nyongeza hizi, akamweleza, ufalme wenu wa sasa haufunguki tena. Mnaanza upya kabisa.

"Haibaki hata miji michache?"

"Hakibaki hata kibanda. Shemeji anataka meli, wewe unataka makumbusho. Amueni wenyewe."

Dobi hakununua, wala hakukataa. Alifika nyumbani akaizungukia ramani mji kwa mji bila kucheza. Akaanza kumwandikia mumewe ujumbe, akaufuta, akaanza tena, akaufuta. Akaenda kulala bila kutuma chochote. Kesho yake ilikuwa siku yake ya kupumzika, lakini aliamka mapema vilevile, akakaa kumngoja.

Mwoka mikate alishtuka kukuta kiti kimoja kina mtu. Akaweka mkate mezani, akauliza kama ameshanunua. Dobi akamweleza habari ya ufalme kufutika.

"Najua," mumewe akasema. "Nilisoma."

Dobi akausogeza mkate pembeni. Kumbe anajua, na bado anataka. Akamuuliza, kwa sauti ndogo, miji ile imemkosea nini.

"Ardhi imeisha, Bi Mkubwa. Hakuna pa kujenga mji mpya. Nikitaka kukwambia neno sharti nifute jingine, na kila nikitazama sijui nifute lipi."

"Neno gani hilo?"

Akajifuta uso, unga ukazidi kuenea. "Kwamba nimechoka. Si na wewe. Nimechoka kuamka kwenye nyumba isiyo na mtu."

Dobi akamfuta unga kwenye nyusi. "Umeshalisema, na hakuna mji uliobomoka."

Basi mengine yakafuata. Zamu ya mchana ipo, mumewe akasema, ya kuuza dukani, ila mshahara wake mwembamba, ndiyo maana aliogopa hata kuitaja. Dobi akamwambia aombe. Mumewe akasema ataomba, lakini dobi asitegemee sana, maana wapo wengine waliotangulia kuomba na msimamizi ana watu wake.

"Na ile nyongeza?" akauliza mumewe, macho yameshaanza kufumbika.

"Nani ataicheza? Hebu jitazame."

Akacheka cheko la mtu asiye na pumzi, akaenda kujilaza kitandani kiubavu-ubavu na kiatu kimoja mguuni, na kabla hajajibu akawa ameshaanza kukoroma. Dobi akamvua kiatu, akavuta pazia, akajibana upande uliosalia. Mkoromo ule ulimkera, maana alikuwa amekwisha kuusahau. Akamsukuma bega, ukapungua, ukarudi. Akamwacha. Bei ikapanda mchana ule na hakuna aliyeiona, kwa sababu dobi naye, akiwa bado anakereka, usingizi ulikuwa umeshamchukua.