Jiwe la Achari

Je, umewahi kuona achari ikichemka bila moto?

Bi Mwanabaraka aliiona kwa macho yake, Jumatatu asubuhi, jikoni kwake Kibokoni. Alifungua uzi, akafunua kitambaa cha ile chupa yake ya mdomo mpana, akakuta povu jeupe limezunguka jiwe la kukandamizia. Vipovu vilipanda kimoja kimoja kati ya ndimu, vikapasuka. Alichovya kidole, akalamba. Chumvi ipo, pilipili ipo, manjano yapo. Ukali wa ndimu ndio haupo.

Harusi ya mjukuu wake ilikuwa Jumapili. Tangu ujana wake hapajaliwa biriani katika ukoo huo bila achari yake. Sasa wangesema mkono wa bibi umechoka.

"Kuna mtu," alijiambia, akafunga uzi.

Na nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu: yeye chini, na juu Beryl, mpangaji, msichana wa Kaloleni aliyehamia mwezi mmoja uliopita. Beryl alifanya kazi ya kusafisha na kupanga vitu vya kale katika ofisi moja karibu na Ngome ya Yesu. Salamu zake zilikuwa nzuri, hazina kasoro. Lakini macho! Siku ya kwanza alishuka kuomba chumvi, macho yakaganda kwenye chupa. Bi Mwanabaraka akamwambia hapo hapo, "Mwanangu, katika nyumba hii achari haiguswi wala haiulizwi." Juma la pili akauliza ina siku ngapi. Juma la tatu akaomba kuipiga picha. Nani hupiga picha achari?

Alikwenda kumweleza Muhdhar, mwenye duka la pembeni.

"Anataka kujua unavyoitengeneza," Muhdhar alisema, akipima sukari. "Siku hizi wapishi wako kwenye simu. Kesho utajiona wewe na ndimu zako, na jina la mwingine."

"Na hilo povu?"

"Labda kijicho."

"Kijicho hakichemshi ndimu, Muhdhar."

"Basi mkono huchemsha. Wewe lala tu, Bi!"

Hakulala. Jumanne alipaka manjano mabichi, yaliyosagwa laini, kwenye uzi wa kitambaa. Alasiri akavaa buibui, akasema kwa sauti ifike ghorofani kwamba anakwenda Marikiti, akaenda kweli, akarudi na ngisi wawili na kitunguu. Uzi ulikuwa umefungwa upya, fundo si lake.

Asubuhi alimngoja Beryl chini ya ngazi.

"Sabalkheri, Mama."

"Nionyeshe mikono."

Vidole vitatu vilikuwa vya njano kama vya mpishi wa biriani.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, Mama. Wallahi... yaani, kweli hakuna."

"Usiniapie kiapo kisicho chako. Ijumaa uhame."

"Nitahama. Lakini harusi ni Jumapili. Kabla sijaondoka, litoe jiwe. Jana nilitaka kuweka kisahani changu chini yake, nikasikia mlango."

"Jiwe lina nini? Nimekandamizia achari kwa jiwe hilo miaka thelathini."

"Juu ya kisahani?"

Bi Mwanabaraka alikumbuka. Kweli, kilikuwapo kisahani. Alikuwa akikifunika juu ya ndimu, jiwe likakaa mgongoni mwake bila kulowa. Mahamali wa Beryl ndio waliokivunja, walipopitisha kitanda.

Waliingia jikoni. Beryl alilitoa jiwe, akalisuuza, akalikausha kwa khanga. Lilikuwa limejikunja kama pembe ya kondoo dume. Kisha akakamua ndimu mbichi juu yake. Jiwe likafoka, povu jeupe likatoka pale pale.

"Ndimu inalila jiwe," alisema, "na jiwe linaumaliza ukali wa ndimu. Mchawi wako ndiye huyu."

Bi Mwanabaraka alikodoa macho, bado hajaamini. "Mawe yote hufanya hivi?"

"Ya chokaa hufanya. Lakini hili lilikuwa gamba la mnyama wa baharini. Lilitoka wapi?"

"Kibarani. Marehemu mume wangu Shebwana alilichimbua kwenye mtaro."

"Pale palikuwa bahari, miaka kama milioni mia na hamsini iliyopita."

"Nani alihesabu?"

Beryl alicheka, mara ya kwanza tangu ahamie. "Watu wabishi kama wewe, Mama. Wakati huo hakukuwa na mtu. Hakukuwa na ndimu, wala asumini, wala ua lolote tunalolijua. Ndege ndio kwanza walikuwa wakitokea katika ukoo wa mijusi wakubwa wa kale, bado wana meno."

"Ndege mwenye meno! Na kuku?"

"Kuku bado sana. Huyu wa gamba, alipokua, alijenga chumba kikubwa zaidi mbele, akahamia, akaziba mlango wa nyuma. Ukoo wake ulikatika pamoja na wale mijusi wakubwa. Jamaa waliobaki ni pweza, na hao ngisi wako wa jana."

Bi Mwanabaraka alipitisha kidole. Upande wa juu mistari ilikuwa mikali, imepindapinda kama tarizi ya kofia. Upande uliolalia ndimu ulikuwa laini kama sabuni iliyotumika.

"Hii ni kazi yangu?"

"Ya mwezi mmoja. Udongo ulimtunza miaka yote hiyo."

Bi Mwanabaraka alikaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi. Shebwana alipolileta jiwe alisema, "Mke wangu, hiki kilikuwa hai." Naye akamcheka mbele ya majirani, akasema jua la Kibarani limempiga kichwani. Shebwana hakulitaja tena.

Aliinuka. Akakamua ndimu kumi na mbili, akamimina maji yake chupani, akafunika kisahani cha Beryl, akaweka kinu kidogo juu. Akalamba kidole. Ukali ulirudi mpaka jicho likafumba. Kisha akatoa kikoi cha marehemu sandukuni, akalifunga jiwe polepole, akalipakata.

Beryl alitazama lile furushi, akatazama ngazi. "Basi nikafunge vitu vyangu."

"Nani kakwambia uondoke? Kaa hapo. Mwezi mzima unaizunguka chupa yangu kama paka. Maswali, picha, vidole vya manjano. Hutatoka hapa mpaka unambie kwa mdomo wako: ulikuwa wataka nini?"

Beryl alivifuta vidole kwenye sketi, vikabaki vya njano.

"Nilitaka kukuomba jiwe, Mama. Nikaogopa utanidhania mwizi."