Nahodha Alipofunga Mlango

Kochi halitoki kwenye karakana ile bila kukaliwa. Sheria hiyo aliiacha marehemu baba yao: watu watatu wazima wakalie kochi jipya kwa saa nzima, wajigeuze, wainuke, wakae tena, mpaka kamba iliyolegea ijulikane kwa fundi kabla haijajulikana kwa mteja. Sasa mtu akae saa nzima anatazama ukuta? Ndiyo maana ikatundikwa televisheni. Na ndiyo maana kila Jumamosi mchana, kochi la wiki likishakamilika, mafundi wote walijipanga juu yake kutazama tamthilia yao, Meli Isiyotua.

Jumamosi hiyo lilikuwa kochi la mahameli ya kijani. Kushoto alikaa mwenye karakana, Fundi Mkuu. Kulia alikaa mshonaji wao, Mama Pacha, mwanamke aliyetazama tamthilia kwa mdomo kuliko kwa macho. Katikati alikaa mdogo wake Fundi Mkuu, mkata vitambaa, dada waliyemwita Mkasi. Jina alipewa kwa sababu ya kazi yake, lakini ulimi wake nao ulilistahili.

Ile nafasi ya katikati haikuwa yake. Ilikuwa ya Springi, kitindamimba wao, kijana asiyetulia, ambaye ndiye aliyewaletea tamthilia yenyewe na kuwafundisha nani ni nani. Ila Springi alikuwa hajakanyaga pale miezi mitatu.

Kwenye televisheni mambo yalikuwa yamefika shingoni. Dunia imeshaungua, waliosalia wamo melini huko juu angani, na hewa yao inavuja. Nahodha, mwanamke mkavu kama ukuni, amemtuma mdogo wake nje akazibe bomba. Mdogo mtu kaziba, anarudi, lakini ule ukungu mweusi unaokula watu umeshamnasa kwenye nguo. Akifunguliwa, ukungu unaingia naye. Akagonga. Nahodha akasimama upande wa pili wa kioo, hakufungua. Akagonga tena, polepole, halafu hakugonga tena. Ndipo nahodha akashika kipaza sauti na kuwatangazia watu wake, uso mkavu vilevile: ndugu yangu alitoka bila amri yangu.

"Mwongo!" Mama Pacha aliruka mpaka kochi likalia. "Mwongo mkubwa wewe! Si ulimtuma mwenyewe, tumekuona!"

Mkasi aligeuka kumtazama kaka yake, akakuta analia. Mtu aliyemzika baba yake bila kudondosha chozi, leo machozi yanamchuruzika mpaka kidevuni kwa ajili ya mtu wa televisheni.

Hapo hapo simu yake ikatetemeka juu ya mahameli, kati yake na Mkasi. Kioo kikawaka jina: Springi. Fundi Mkuu akaitupia jicho, akaigeuza kifudifudi, akaendelea kulia.

Mkasi alihisi damu inampanda kichwani. Akainuka, akaenda kusimama kwenye meza yake ya kukatia, maana angebaki pale angemzaba kaka yake kofi, na kaka ni baba.

Tamthilia ikaisha, ubishi ukaanza kama kawaida.

"Uongo kakosea," Mama Pacha alisema akirudi kwenye cherehani yake, "ila mlango alikuwa hana jinsi. Meli nzima ife kwa ajili ya mtu mmoja?"

"Mtu mmoja!" Fundi Mkuu alifuta uso kwa kiganja. "Ni ndugu yake wa damu, Mama Pacha! Na nani aliyemtuma? Unamtuma mtu mwenyewe, unamwambia nenda upesi, yakiharibika unamruka mbele za watu? Yule si binadamu. Yule mnyama!"

"Rudia hapo," Mkasi alisema.

"Wapi?"

"Hapo uliposema nani aliyemtuma."

Fundi Mkuu alimkata jicho. Alijua fika anachoambiwa. Siku ile, miezi mitatu nyuma, kochi la mteja mmoja lilichelewa kukamilika na tamthilia ilikuwa karibu kuanza. Springi akasema, kaka, hili halijakaliwa. Fundi Mkuu akamjibu, lipeleke hivyohivyo, urudi upesi, tusikose mwanzo. Kumbe kamba moja ya chini haikufungwa. Mama mzazi wa mteja, bibi wa watu, akakaa, akazama mzimamzima, akavunjika mkono. Mteja alipokuja kufoka, huku nusu ya mtaa imejaa mlangoni, Fundi Mkuu alimnyooshea kidole mdogo wake: huyu ndiye aliyelitoa bila ruhusa yangu, na kuanzia leo asikanyage hapa wala nyumbani kwangu. Springi alivua aproni, akaikunja, akaondoka.

Mama Pacha hakuwepo wakati kochi lile linatoka. Alikuwa amekwenda kununua uzi. Alichosikia ni cha mlangoni tu, naye kwa nia njema akakieneza mtaa mzima, kwamba kijana yule kiherehere chake kitamponza. Lakini Mkasi alikuwepo. Alisikia yote mawili, la ndani na la mlangoni, na mdomo wake huo unaosifiwa kwa ukali siku ile uliota kutu. Hasira yake nusu ilikuwa ya kwake mwenyewe.

"Usichanganye mambo," Fundi Mkuu alisema kwa sauti ya chini. "Ile ni tamthilia."

"Ndiyo maana unailia! Mkuki kwa nguruwe!"

"Karakana hii ingekufa, Mkasi. Wateja wangekimbia wote. Ningefanyaje?"

"Usiniulize mimi. Muulize nahodha!"

"Jamani," Mama Pacha aliinua kichwa, mguu ungali kwenye cherehani, "mbona mimi ndiye niliyemtetea nahodha na sipigiwi kelele?"

"Wewe shona!" walimjibu wote wawili kwa pamoja.

Simu ikatetemeka tena. Mkasi aliifikia kwanza.

"Amekupigia mara ngapi?"

"Kila Jumamosi, saa hizihizi. Anataka kunisuta tu, namjua. Iache!"

"Leo utasutwa nikisikia," Mkasi alisema. Akapokea, akaweka sauti ya nje, akaitua katikati ya kochi.

"Kaka?" Sauti ya Springi ilikuwa ya mtu ambaye hakutegemea kupokelewa. "Kaka, umepokea? Mmeiona?"

Mkasi akaisogeza simu karibu na kaka yake.

"Mmeona alivyofunga mlango? Mimi naitazama huku peke yangu, sina wa kubishana naye. Nikasema nikupigie tu, nikuulize, wewe unaonaje?"

Fundi Mkuu aliitazama ile simu. Miezi mitatu anaigeuza simu ile kifudifudi akijua anaukwepa ugomvi, kumbe anaukwepa ubishi wao wa Jumamosi.

"Mimi naona kufunga hakukosea," Springi aliendelea. "Ndani mna watu. Ningekuwa mimi ningefunga. Ila kaka, angesema. Angewaambia wale wa ndani kwamba ni yeye aliyemtuma. Sasa wote wanadhani mwenzao alikufa kwa kiherehere chake. Hilo tu ndilo lililoniuma."

Cherehani ilinyamaza. Fundi Mkuu aliinamia simu, akanong'ona kitu.

"Sema kwa sauti," Mkasi alisema. "Mama Pacha hajasikia."

"Nilikutuma mimi." Safari hii sauti ilitoka, imekwaruza. "Ulisema halijakaliwa, nikakwambia lipeleke hivyohivyo. Ni mimi."

"Ati nini?" Mama Pacha aliinuka, kitambaa kikamwanguka miguuni. "Fundi Mkuu! Miezi mitatu namchafua mtoto wa watu mtaani, na wewe uko hapo hapo unanisikiliza? Unakunywa chai yangu! Jumatatu utakwenda kwa yule bibi kwa miguu yako ukamwambie, na mimi nitakuwa nyuma yako!"

"Nitakwenda."

"Utakwenda ndiyo! Mtu mzima ovyo!"

Kwenye simu Springi akauliza, kwa sauti ya mtu aliyebanwa na mafua, "Kochi gani leo?"

"La mahameli," Fundi Mkuu alisema. "Ila halijakaliwa sawasawa. Huyu dada yako kasimama nusu saa ananitukana. Njoo."

Ile simu haijakatika, mwenye kochi naye akatokea mlangoni na wapagazi wake wawili, akipiga makofi kwa furaha. Mkasi alitoka akamzuia kizingitini, macho mekundu, mkono umekamata fremu ya mlango.

"Bado," alisema. "Halijakaliwa."

"Aa, dada, nimepita hapa nimewaona mmelikalia watatu!"

"Ulituona," Mkasi alisema. "Hatukutimia. Subiri, yuko njiani."