Mkunga Asiyefumba Mdomo

Tangu ugonjwa umpindishe uso, dada yangu hakuwahi kula mbele ya mtu. Mdomo ulilegea upande wa kushoto, ukakataa kufumba, chai ikawa inammwagikia kifuani. Basi akawa anabeba sahani yake chumbani, anafunga mlango na kula peke yake kama mwizi. Dada yangu, ambaye zamani kicheko chake kilisikika hadi kwa majirani! Iliniuma sana.

Mimi huunda samaki wa mpira kwa ajili ya jumba la makumbusho. Siku hiyo nilimbembeleza aje kunisaidia kupaka rangi mkunga, samaki wa bahari kuu mwembamba kama kamba ya kiatu, anayeishi chini kabisa ambako jua halifiki. Alikuja shingo upande, amejifunika shali hadi puani.

Alitazama picha ya mkunga halisi ukutani, akamtazama mkunga wangu mezani, akaguna.

"Mbona huyu umemfumba mdomo?"

"Nimemrembesha kidogo, dada. Akiachama vile atatisha watoto."

"Kwenye picha taya zimepinda nje, hazikutani kabisa. Sasa anakulaje?"

Nikamweleza kwamba taya zile zina vijino vidogo mno. Uduvi wakipita, ndevu zao hunasa humo, naye huwameza taratibu. Hafumbi mdomo, na anashiba vizuri tu.

"Anashiba. Halafu wewe ukaona umrekebishe. Nani alikutuma?"

Alichukua kisu changu, akakata polepole gundi niliyomfumbia mdomo, akazipinda taya kwa vidole mpaka zikaachana. Kazi yangu ya asubuhi nzima ikaenda na maji, na mkunga akapendeza kuliko nilivyomtengeneza.

Mchana nilipakua chakula. Nikamwambia stoo kuna kiti na mlango unafungika, akitaka.

"Stoo nikafanye nini?"

Alivuta kiti, akakaa mbele yangu, akashusha shali. Mchuzi ulimchuruzika hadi kidevuni. Nilimpa kitambaa, akajifuta mwenyewe bila haraka, akachota tena, macho yake usoni kwangu kana kwamba ananijaribu.

Sikutazama pembeni. Nilimpenda mno wakati ule, na machozi yakanitoka yakadondokea sahanini.

"Ona," alisema, mdomo umejaa, "hata wewe unavuja."