Pengo la Upande wa Jiko

Stoo alirudi kutoka mazikoni akakuta uzio umekwisha. Alisimama uani na begi begani, akautazama kutoka kona ya tangi la maji hadi kona ya bafu la nje: mstari mmoja wa matofali ya saruji, umenyooka, umempita kimo. Hakuna ambaye angeweza kuutia dosari. Ila upande wa jiko, pale palipotakiwa kuachwa pengo, hapakuwa na pengo.

Aliweka begi chini akaenda kupapasa. Labda macho yalikuwa yamechoka na safari. Matofali ya pale yalikuwa bado yana unyevu kuliko mengine, na mbele yake, kwenye udongo, kilionekana kile kijia kilichokanyagwa mpaka kikawa kigumu kama sakafu. Kilitoka mlango wa jiko, kikaenda moja kwa moja, kikagota ukutani.

Kijia kile kilikuwa cha mkewe. Zamani hapo palikuwa na ua wa michongoma, na katikati yake tundu la kupita mtu mmoja, tena kwa ubavu. Mkewe alipita hapo kwenda kwa jirani, na jirani alipita hapo kuja kwake. Walikuwa chanda na pete, hawakuitana kwa majina, ilikuwa shoga huku na shoga kule. Jirani alipofiwa na mume, ni kwa tundu hilo mke wa Stoo alikuwa akipita alfajiri kwenda kumwamsha na kumbembeleza ale. Stoo mwenyewe hakuwahi kulitumia. Yeye aliketi mezani na chai yake, akaona kwa dirisha upindo wa gauni ukipotea kwenye miiba, na baadaye, sana baadaye, ukirudi. Aliwatania kwamba ipo siku watakwama wote wawili humo katikati, na hiyo ndiyo siku yeye atakunywa chai kwa utulivu.

Jina la Stoo alipewa na watu wa mtaani, kwa kuwa maisha yake yote ya kazi alitunza stoo ya kiwanda. Mpaka alipostaafu alijua kila kitu kiko rafu gani. Kwa hiyo hakuwa mtu wa kusahau palipokubaliwa pengo.

Michongoma ilipougua ikaanza kukauka, mkewe ndiye aliyetaka uzio wa matofali, na yeye ndiye aliyemtafuta fundi. Fundi huyo walimwita Timazi, kwa sababu ya ile kamba yenye kipande cha risasi aliyotembea nayo mfukoni hata siku ambazo hana kazi. Siku ya kwanza mkewe aliketi kwenye kigoda, akanyoosha mkono: pale utaacha nafasi, uweke kijimlango. Stoo alikuwapo. Alisikia kwa masikio yake mwenyewe.

Kisha ugonjwa ukamlaza mama wa nyumba. Stoo akahamia wodini, uzio akauacha mikononi mwa fundi. Halafu msiba, halafu safari ya kwenda kuzika kwao mkewe, kando ya wazazi wake. Matofali ya mwisho yaliwekwa nyumba ikiwa haina mtu.

Asubuhi baada ya kurudi, Timazi alikuja na mpira wa maji kunywesha ukuta, usije ukakauka haraka ukapasuka. Alitoa pole, akaushika mkono wa Stoo kwa mikono yake miwili. Stoo alipokea pole, kisha akauliza habari ya pengo.

Timazi alieleza kwamba ni mama aliyesema lizibwe. Alikwenda kumwona wodini siku moja, mzee akiwa ametoka kutafuta dawa, na mama akamwagiza asiache mlango, ajenge moja kwa moja.

"Mke wangu hakusema hivyo," Stoo alisema.

"Alisema, mzee."

"Kwa sababu gani?"

Timazi aligeuza mpira akaelekeza maji kona nyingine. "Mimi niliambiwa nizibe, nikaziba."

Stoo aliona kila kitu waziwazi. Mtu amevuta kamba yake kutoka kona hadi kona, amepanga tofali juu ya tofali huku akili iko kwingine, na alipozinduka pengo limeshamezwa. Sasa anatafuta pa kujificha. Miaka yake yote ya stoo mambo yalikuwa hayohayo: kila kitu kilichopotea kilikuwa kimechukuliwa na mtu aliyehama au aliyekufa.

"Fundi, kama umesahau, sema umesahau. Kusahau ni ubinadamu. Lakini usimsingizie maiti."

Timazi alifunga maji. "Maneno hayo ni mazito, mzee."

"Basi uyaondoe. Vunja pale, weka mlango kama ulivyoambiwa mbele yangu."

"Sivunji. Kazi hii nilipewa na mama. Mimi sipokei maagizo ya midomo miwili, ndiyo maana kuta zangu hazina ugomvi. Aliyenipa kazi akisema weka, naweka, akisema toa, natoa. Mwingine, hata awe mume, naomba radhi."

"Aliyekupa kazi amekufa."

"Najua," Timazi alisema. "Ndiyo maana siwezi kurudi kumwuliza kama amebadili nia."

Akakunja mpira wake, akaaga kwa heshima zote, akaondoka. Heshima ile ilimchoma Stoo kuliko kama angetukanwa.

Habari haikukawia kufika dukani. Mwenye duka alimshauri Stoo alete fundi mwingine, kwani saruji haimjui aliyeichanganya. Mwingine akasema Timazi ana kiburi, wanaosifiwa sana huwa hivyo. Binti yake alipopiga simu alisikiliza malalamiko yote mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Baba, huo ni ukuta tu." Stoo alijibu kwamba anajua ni ukuta. Wakaongea mambo ya hali ya hewa.

Hakujua amwelezeje binti. Ukuta wenyewe haukumkosesha usingizi. Kilichomkosesha usingizi ni hesabu iliyokuwa haikubali kukaa sawa. Kama Timazi anadanganya, mambo ni mepesi: mkewe alitaka mlango, mlango uwekwe, basi. Lakini kama Timazi anasema kweli, mkewe katika siku zake za mwisho alikuwa na neno moyoni, akampa mtu baki mwenye saruji kwenye kucha, na yeye aliyemshikia kikombe kutwa kucha asipewe. Walikuwa wameishi pamoja mpaka wakaanza kukohoa kwa namna moja. Stoo alihitaji fundi awe mwongo. Alilihitaji jambo hilo kama mtu anavyohitaji ukuta wa kuegemea.

Kulikuwa na mtu mmoja wa kumwuliza, naye ni jirani. Lakini jirani alikuwa amebadilika. Alikuja na wanawake wa mtaa kutoa pole, akaketi karibu na mlango, akaondoka kabla ya wengine, na muda wote macho yake yalikuwa kwenye mkeka. Stoo alidhani ni huzuni.

Siku moja kabla jua halijakolea, alichukua nyundo na patasi akaenda upande wa jiko. Hakuwa fundi. Pigo la kwanza liliteleza likamparuza kidole, la pili likang'oa kipande kidogo kama ganda la yai. Alipoanza kupata namna yake, alisikia sauti ng'ambo ya ukuta.

"Shemeji, ni wewe?"

"Ni mimi."

"Unafanya nini?"

"Nafungua. Fundi alisahau mlango."

Alisikia ndoo ikitua chini.

"Hakusahau," jirani alisema.

Stoo alibaki ameinua nyundo.

"Weka hiyo nyundo, shemeji. Na usije huku. Nikikuona usoni sitaweza kusema, na nimeshaanza."

Kulikuwa na tofali lililobaki kazini. Stoo aliketi juu yake, mgongo ukutani, akahisi kwa namna fulani kwamba na upande wa pili kuna mtu ameketi vilevile.

Jirani alisimulia polepole, akirudi nyuma kila mara kurekebisha. Siku ambayo fundi aliagizwa kuziba, yeye jirani alikwenda wodini peke yake. Walicheka kama kawaida yao, wakawasema wauguzi, wakamsema na Stoo mwenyewe, samahani. Kisha neno likamtoka. Alikuwa amelibeba kwa siku nyingi. Yeye ni mwanamke anayeishi peke yake, na upweke wa mwanamke mtaa mzima huutia mkononi na kuugeuzageuza. Alipokuwa mjane mbichi, hata fundi wa bomba akiingia kwake, watu walitazama anatoka saa ngapi. Sasa kati yake na shemeji pabaki mlango wa nyuma, wa jikoni kwa jikoni, usioonekana na mtu? Asipoupita, ataonekana amemtupa mume wa shoga yake. Akiupita, midomo haitalala.

"Kwa hiyo nikamwambia, shoga, ule mlango usiuweke, ukiondoka sitaweza kuupita." Sauti ilikatika. "Nilisema ukiondoka. Mtu mzima, ananitazama, amenishika mkono, nami nampangia mambo kana kwamba ameshakwenda. Tangu siku hiyo sijapata kujisamehe."

Stoo aliuliza, "Yeye alisemaje?"

"Aliubana mkono wangu kwanza. Halafu akacheka. Alicheka mpaka muuguzi akaja kuchungulia. Na palepale fundi akaingia kumjulia hali, akamwambia hapohapo, ziba. Akasema mume wangu akikuuliza, mwambie ni mimi, huyu usimtaje, ni mwoga huyu, atakosa usingizi."

Kumbe Timazi alijua yote. Alisimama pale na mpira wake, akaitwa msingiziaji wa maiti, na angeweza kujiokoa kwa neno moja. Stoo alisikia uso ukipata moto ingawa hapakuwa na wa kumwona.

Lakini swali lake lilikuwa palepale. Alilimeza, likarudi.

"Kwa nini hakuniambia mimi?"

"Nilimwuliza hivyohivyo. Maana nilimwambia, mwambie mumeo, ataelewa. Akakataa. Akasema wewe kila siku ulikuwa unamwambia akirudi nyumbani mtachagua rangi ya kupaka uzio. Akasema, nyote mnaonizunguka hapa mmeshanizika, hata daktari. Kwa yule mmoja tu mimi bado ninarudi nyumbani. Nikimwambia aufunge mlango atajua kwamba na mimi najua sirudi. Niacheni, niwe ninarudi kwa mtu mmoja."

Stoo alikumbuka ile rangi. Alikuwa akiisema kila jioni, kwa sababu hakuwa na jingine la kusema, na kila jioni mkewe alibishana naye: ya maziwa inachafuka, ya kijani imezidi. Alibishana kwa bidii ya mtu anayetaka kushinda. Stoo alidhani ni yeye aliyekuwa akimdanganya ili asivunjike moyo, na kumbe kila mmoja alikuwa akimshikia mwenzake ngazi.

Alilia hapo juu ya tofali, bila sauti. Upande wa pili jirani alisubiri. Baadaye akasema kwamba atapika, na atakuja kwa njia ya barabarani, mchana, watu wakiona, na chakula chake kwenye sinia kichwani. Stoo akasema ataacha geti wazi.

Hakungoja mchana. Alimkuta Timazi kwenye nyumba inayojengwa karibu na barabara ya lami, juu ya jukwaa la mbao, amefumba jicho moja akisoma kamba yake. Vibarua walikuwa chini wakichanganya zege. Stoo alitaka kumwita pembeni, kisha akaona hapana, tusi alilitoa waziwazi.

"Fundi, nimekuja kukuomba radhi. Hukusahau na hukudanganya. Nimeambiwa na jirani mwenyewe."

Vibarua waliacha mapauro. Timazi alishuka taratibu, akajipangusa mikono kwenye suruali.

"Amesema mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Basi namshukuru. Nilikuwa nimechoka kubeba." Akatabasamu kidogo. "Ulinipaka matope kweli, mzee. Bahati yako mimi matope ndiyo maisha yangu."

Mmoja wa vibarua akacheka, wakarudi kazini. Stoo alikiri kwamba amelitoboa tofali, na Timazi akasema alilitarajia tangu jana, dukani waliposema mzee anaulizia patasi. Atapita jioni atie kiraka. Mambo yakawa yamekwisha, na kwa desturi Stoo angeaga. Hakuaga. Alisimama anazungusha kofia mikononi.

"Siku ile wodini," alisema. "Wanasema alicheka."

"Alicheka, mzee. Mimi nipo mlangoni na kofia mkononi, nasikia mgonjwa anacheka, nikadhani nimekosea chumba."

"Alicheka vipi?"

Timazi alimtazama. Kisha akavuta ubao wa kuketi, akaupangusa vumbi, akamwekea mzee, na yeye akaketi juu ya mfuko wa saruji. Alisema ilianza chini, kama mtu anayekohoa, akaziba mdomo kwa shuka. Halafu akamtazama shoga yake, shuka ikaanguka, akacheka kichwa kikienda nyuma, na mkono mmoja anapigapiga godoro kama anayeomba waache kumwua.

"Kupigapiga godoro," Stoo alisema.

"Hivi." Timazi akapiga mfuko wa saruji, vumbi likaruka.

Ndivyo alivyokuwa akipiga meza ya jikoni. Stoo akasogeza ubao wake karibu.

"Anza tena, fundi. Pale ulipokuwa mlangoni."